Mimi, Kununua Udongo!

Ndugu yangu, mwaka 2017 hapa Johannesburg nilifanya jambo ambalo mpaka leo linanikera: nilinunua udongo. Udongo! Umefungwa kwenye mfuko wa plastiki, nikaubeba kichwani mpaka mtaani kwetu, Alexandra. Kuufungua, maganda ya miti matupu. Na nilitaka tu kupanda maharage nyuma ya chumba, binti yangu ale mboga kama ya kwetu. Eish!

Kwetu ni Kongo, chini ya mlima wenye barafu kileleni. Mawe ya shambani yalikuwa ya mviringo, laini kama maandazi. Bibi yetu, tuliyemwita Koko, alisema ni barafu iliyoyasukuma huko zamani za kale. Kazi ya watoto ilikuwa kuyaokota, migongo inauma, na huko nyumbani tunasikia sombe, yale majani ya muhogo, inatwangwa, njaa inazidi. Juu yetu msitu na kelele za nyani. Koko hapandi kabla ya kuonja. Atachota udongo mweusi kwa kidole, alambe, ateme. "Huu mchungu, ngojeni." Au: "Huu umeiva, leteni maharage." Nasi tulilamba, tukajifanya tunajua.

Basi nikayamwaga yale maganda, nikachota udongo mwekundu wa uani, nikalamba. Jirani yangu, mama mmoja wa Tanga mwenye domo, alikuwa anaanika nguo. "Hongera shoga! Miezi mingapi?" Maana kwao mwanamke akila udongo, basi ana mimba. Kwa umri huu! Kufika jioni mtaa mzima unanipongeza, na mwenye nyumba ananionya kwamba chumba hakitoshi watoto wawili. Nilitamani kupasuka.

Lakini aliyenimaliza ni binti yangu. Yeye Kiswahili anakisikia, na habari za Koko nimemsimulia tangu mdogo, ila kujibu ni Kizulu tu. Siku hiyo alichuchumaa, akachota, akalamba, akaniuliza kwa Kiswahili safi kabisa: "Mama, huu ni kama wa Koko?"

Nikalamba tena. Kidole cha Koko nakiona, kutema kwake nakusikia. Ladha yenyewe? Imepotea. Na mdogo wangu aliyebaki Kongo alishanipigia simu: msitu umekatwa wote kwa ajili ya makaa, mvua imeusomba udongo mpaka mtoni, shambani yamebaki mawe. Hakuna pa kurudi kuonja.

"Panda tu!" nilimfokea. Masikini, kosa halikuwa lake.