Rubisi ya Moto

Nahudumu kaunta ya baa moja hapa Bukoba, na jambo hili bado linanitia aibu. Siku ya mvua, mgeni kutoka Dodoma aliomba pombe ya moto.

"Ila kaka, sukari ya matunda inanivuruga tumbo. Matunda na asali usiniwekee kabisa."

Nikaweka mbali ndimu na asali, hata kijiko nikakiosha mara mbili. Nikachemsha rubisi, pombe yetu ya kienyeji, kwa tangawizi. Akamaliza kikombe, akasifu, akauliza imetengenezwa na nini.

"Ndizi tupu, dada. Hakuna tunda hata moja."

Akanitazama. "Kwani ndizi si tunda?"

Nimezaliwa Muleba, katikati ya migomba. Kwetu ndizi ni chakula. Tunda ni pera. Nikafungua mdomo nimweleze hivyo, tumbo lake likatangulia kunguruma.