Kisu katika violini ya maman

Juzi, fundi kijana wa mtaa wa Ibanda alipopenyeza kisu chembamba kwenye ubavu wa violini ya maman, mama yangu, nilisikia tena ule mlio kama wa mfupa wa kuku ukivunjwa, nikarudi kwenye alasiri moja ya utoto wangu.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Papa, baba yangu aliyekuwa fundi wa violini, alikuwa akichemsha gundi ya ngozi ya ng'ombe, nami kwa harufu ile niliamini tutakula nyama. Kisha akatoa kisu. Asubuhi walikuwa wamegombana na maman, na sasa alikuwa akikiingiza ndani ya violini ambayo maman aliipiga kanisani kila Jumapili. Maman alisimama mlangoni akiwa ametupa mgongo, akishtuka kwa kila mlio.

"Papa, acha," nilisema.

"Nyamaza, mutoto. Mukono yangu ikitetemeka, ubao itapasuka."

Nilidhani analipiza kisasi. Kumbe kipande cha ndani kilikuwa kimebanduka, na gundi ile hufanywa dhaifu kwa makusudi, ili violini ifunguke bila kupasuka. Mfuniko ulipotoka mzima ndipo maman alipogeuka, akakaa chini kama aliyechoka sana.

Papa hayuko tena. Juzi gundi yake iliachia taratibu, na hakuna hata uzi wa mbao uliong'oka.

"Nani aliifunga hii?" fundi aliuliza.

Maman aliinamisha uso ndani ya violini, akanusa gundi ile kwa muda mrefu.

"Iko bado," aliniambia.