Kwetu Bado Hakuna Kidole

Shangazi yangu Orpha, fundi wa nguo, alihamia nyumba mpya huko nyuma ya mashamba, nje kabisa ya Joburg. Basi la Jumapili limeondolewa, manispaa imeishiwa pesa. Zimebaki teksi, na teksi unazisimamisha kwa ishara ya vidole, kila mtaa una yake.

Jumapili hiyo ilikuwa zamu yake kuwapokea wanakwaya wenzake, waje kusali kwake. Alipika sombe, yale majani ya muhogo, na bugali, yaani nyumba ilinukia! Mama Murielle, mmoja wao, akapiga simu kutoka barabarani, nusu ya safari.

“Dada Orpha, teksi zote zinatupita! Kwenu tuonyeshe kidole gani?”

“Eish, kwetu bado hakuna.”

Wakacheka, wakaanza kuimba kwa simu, shangazi akaitikia jikoni. Katikati ya wimbo wakapata teksi ya kurudi mjini. Shangazi akaumalizia peke yake.