Panya katika Mashua ya Baba

Mashua ya baba ilikaa nyuma ya nyumba yetu ya Mtawanya masika yote, mbali na maji, kati ya migomba na mikorosho. Watu waliokuwa wakipita kwenda shamba walisimama kuitazama, wengine wakicheka waziwazi. Jirani yetu, mzee mwenye ghala la mpunga upande wa pili wa uzio, alimuuliza baba kama anaingojea gharika.

Baba hakucheka. "Chombo kinatunzwa, jirani. Hakiachwi nje kama mbuzi."

Miaka yote mashua ile ilikuwa ikikaa Kiongoroni, kule delta, alikokuwa akivua baba na mwenzake mmoja, rafiki yake tangu ujana. Mvua kubwa zikianza waliivuta nchi kavu, wakaifunika makuti mpaka zipite. Lakini mwaka ule baba alianguka. Alikuwa ndani ya mashua asubuhi, anavuta nyavu, akadondoka kama gunia. Hospitali walisema ni presha, wakampa vidonge na kumwambia apumzike, na wala asifikirie tena kazi ya kuvuta nyavu. Alipoanza kutembea bila kushikwa, jambo la kwanza alilofanya ni kuagiza mashua iletwe kwenye gati la Nyamisati, ikapakiwa kwenye lori mpaka nyumbani. Alitaka aione kila akiamka.

"Masika ikiisha narudi," alisema siku iliposhushwa.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso.

Mimi ni mtoto wao wa mwisho. Nafundisha shule ya msingi ya hapo karibu, na ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kukaa nao. Nilidhani nawajua wote wawili.

Baba hakuhofia mvua, alihofia panya. Mashua ya mbao ni chakula kwa panya. Mbao zake zinapakwa mafuta ya papa, na mianya yake inazibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta ya nazi, na hata ukiikwangua vipi haiachi kunuka samaki. Panya mmoja akiingia akatengeneza kiota, atachomoa pamba yote ya mshono mmoja, na mashua itazama siku ya kwanza kurudi majini. Baba aliyajua hayo vizuri, na akaamua kuwazuia mapema.

Akachimbia nguzo sita, akaikalisha mashua juu yake kama madungu yale ya mabondeni ya kulindia mpunga. Alichana madebe ya mafuta, akakata bati la duara, akavisha kila nguzo kofia iliyoinama chini, ili panya akipanda afike pale, ateleze na kuanguka. Alifyeka majani chini yake pakawa peupe kama uwanja wa msikiti. Alikata matawi mawili ya mkorosho yaliyokuwa yanainamia mashua. Ndani akatupia nafutalini na pilipili kichaa iliyotwangwa, juu akafunika turubai na kulikaza kwa kamba. Nilikuwa nikimwangalia anavyofanya kazi ile taratibu, akipumzika kila baada ya muda, na nikafurahi kwamba amepata cha kushughulisha mikono.

Wiki mbili hazikupita, akafungua turubai na kukuta mavi ya panya.

Alisema huenda walikuwemo tangu Kiongoroni. Tukatoa kila kitu, tanga, kamba, maboya, tukaosha mashua kwa maji ya moto na majivu, tukarudisha, tukafunika. Baada ya siku chache, mavi tena, na safari hii kiota cha pamba nyuma kwenye tezi. Baba akazidisha ukubwa wa mabati. Akaazima paka. Paka alilala juu ya turubai mchana kutwa na hakumkamata hata mmoja.

Akaanza kukosa usingizi. Asubuhi alikuwa akizizunguka nguzo moja moja, anapapasa bati kwa vidole, anatafuta alama za kucha. Hapakuwa na alama. Presha ikapanda. Jioni moja tumekaa barazani, aliniambia kwa sauti ya chini, huku anatazama upande wa uzio:

"Mwanangu, hawa si panya wa kawaida. Hawa wametumwa."

"Wametumwa na nani, baba?"

Alikuwa anatazama ghala la jirani.

Baba yangu hakuwa mtu wa maneno hayo. Utotoni mwetu mtu akitaja uchawi mbele yake alikuwa anaondoka. Na kwetu, neno kama hilo likishatamkwa hadharani halirudi; nimeona familia zimehama kwa ajili yake.

Ijumaa iliyofuata niliumwa kichwa, mwalimu mkuu akaniruhusu kurudi mapema. Baba alikuwa ameshakwenda kuswali. Nilipitia nyuma ya nyumba ili nichote maji, na nikamwona mama.

Alikuwa amekigeuza kinu, amesimama juu yake. Mkono mmoja ulikuwa umeinua pembe ya turubai, mwingine umeshika ungo wenye chenga za mchele. Nilimsikia kabisa akisema "Bismillahi", kisha akamimina chenga zote ndani ya mashua, akapigapiga ungo zisibaki.

"Mama!"

Aligeuka. Hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka, chaki bado ziko vidoleni.

"Umerudi mapema," alisema, akashuka kwenye kinu.

"Unafanya nini?"

"Umeona."

"Unawalisha? Panya? Baba hali, halali, anazunguka hizo nguzo kama mtu aliyechanganyikiwa, na wewe unawalisha?"

"Punguza sauti."

"Na wanapandaje? Mabati yote haya, wanapandaje?"

Akanionyesha kwa kidevu upande wa paa, ulikokuwa umening'inizwa upondo, ule mti mrefu ambao baba husukumia mashua kwenye maji mafupi. "Akienda kuswali magharibi nauegemeza hapa. Harudi mpaka isha imeswaliwa. Nauondoa kabla hajafika."

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Huyu ndiye mama aliyenichapa nikiwa darasa la pili kwa kusema nimenawa mikono na sijanawa.

Akachuchumaa mbele yangu, na akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Siku baba alipoanguka, mwenzake alimleta kwa mashua hadi Nyamisati na akampigia mama simu, akamwambia neno moja tu, njoo. Mama alikwenda kwa bodaboda. Alipofika gatini aliwaona watu wamesimama kimya, na ndani ya mashua baba amelala, amefunikwa tanga mpaka usoni.

"Nilijua maana ya mtu kufunikwa uso," alisema. "Nilianguka kwenye tope. Nililia kilio chote cha kumlilia mume. Nilishasema inna lillahi. Nilishaanza kufikiria nani atamwosha. Halafu tanga likatikisika, akakohoa. Kumbe mwenzake alikuwa amemkinga jua tu."

Akaokota chenga moja kutoka kwenye khanga yake.

"Nimeshamzika mara moja, mwanangu. Nimemwomba auze, amekataa. Nimemwomba ampe mwenzake, amekataa. Basi nataka lile tanga liliwe lote."

Nilimwambia aache. Alisema ataacha, na aliacha kweli; upondo sikuuona tena ukishuka. Aliniambia pia, "Ukitaka kumwambia, mwambie." Sikumwambia. Kila nilipofungua mdomo niliiona presha yake, kisha nikauona uso wa mama. Nikajidanganya kwamba panya wakikosa chakula watashuka wenyewe na mambo yataisha.

Hawakushuka. Walikuwa wameshazaa.

Siku mbili tatu baadaye baba alifungua turubai, na sikusikia hata sauti. Nilipofika nilikuta amesimama juu ya kinu kilekile, ameshika kipande cha tanga kilichochanika kama wavu. Chini ya mashua, kwenye mshono wa karibu na mkuku, ule mti wa chini kabisa, mwanga wa jua ulikuwa unapenya mstari mzima. Pamba yote ilikuwa imetolewa.

Alishuka na kile kipande mkononi, akaenda moja kwa moja kwa jirani.

"Toka nje!" Sijawahi kumsikia na sauti ile. "Toka uniambie nimekukosea nini mpaka unitumie panya wako!"

Jirani alitoka akiwa na fulana, mdomo wazi. "Mimi? Unaniita mimi mchawi?" Mkewe alitokea mlangoni nyuma yake, akaangua kilio. Watu waliokuwa njiani wakasimama, na wengine wakaanza kutoka majumbani. Nilimwona kijana mmoja akiinua simu kupiga picha. Nikasogea mbele niseme.

Mama alinipita. Alikuwa anatembea haraka, khanga moja begani, mikono ina unga.

"Mwache," alimwambia baba. "Panya nimewapandisha mimi."

Baba alimgeukia kama mtu aliyeitwa na mtoto. "Rudi ndani. Usimkingie kifua."

"Simkingii. Njoo uone."

Akarudi uani, baba nyuma yake, jirani nyuma ya baba, na watu wote nyuma ya jirani. Akaushusha upondo, akauegemeza kwenye ubavu wa mashua, palepale palipokuwa na mkwaruzo ambao baba hakuwahi kuutilia maanani.

"Tangu lini?" baba aliuliza.

"Tangu uliposema unarudi."

Baba akavua kofia, akamgeukia jirani, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu." Akaingia chumbani na kufunga mlango.

Kwa siku nne hakumsemesha mama. Chakula nilimpelekea mimi, na alikula kidogo. Mama alipika kama kawaida na hakulalamika. Nyumba nzima ilikuwa kama ina maiti ambayo hakuna anayeitaja. Siku ya tano baba aliniita.

"Kilitokea nini Nyamisati siku ile?"

Nikagundua kwamba hajui. Yeye alikuwa amezimia, na mwenzake aliona aibu kumsimulia. Nikamweleza yote kama mama alivyonieleza, tope, tanga, kilio. Nilipofika kwenye kumwosha, aliweka kiganja mdomoni.

"Alinililia?"

"Alikulilia, baba."

"Na mimi nipo."

Alinyanyuka, akaenda jikoni. Baba hakuwa mtu wa kuingia jikoni; akakosa pa kukaa, akakalia mbuzi ya kukunia nazi. Nilibaki ukumbini. Nilimsikia akisema, "Hukuniambia." Na mama akajibu, "Ungenisikiliza?" Baada ya hapo sikusikia kitu, na sikujaribu kusikiliza.

Masika ilipoisha mwenzake alikuja na fundi kutoka delta. Walikaa kwetu wiki nzima wakiziba mianya upya. Baba alikuwa amempa mwenzake ile mashua. Tulikwenda wote Nyamisati kuiona ikirudi majini. Baba alikuwa ameshika ukingo wake, akatembea nayo mpaka maji yakamfika magotini, kisha akauachia na kusimama pale. Jioni hiyo hakula. Sasa analima ufuta, na kuna asubuhi anaamka na hasira zisizo na sababu, tunampisha. Yeye na jirani wamesameheana na wanakwenda msikitini pamoja, lakini mke wa jirani mpaka leo hakanyagi kwetu, na mimi simlaumu.

Mwaka huu, tukichambua mboga, nilimuuliza mama swali lililokuwa linanisumbua. Je, kama baba angewakamata panya wote mapema, mashua ikapona, yeye mama angefanya nini?

"Ningechukua shoka," alisema.

Nilicheka, nikidhani anatania. Yeye alikuwa anaendelea kuchambua majani, anatupa mabua pembeni, na hakuwa anacheka.