Tapeli Niliyemwambia Akalime

Uvumilivu uliniishia nikiwa namenya ndizi. Mdogo wangu Adela, mwenye miaka kumi na minane, aliuliza kwa mara ya tano, "Dada, chuo hawajapiga?" Nilitupa kisu, nikambeba mwanangu mgongoni, tukapanda bodaboda kutoka Ihembe hadi chuo alikoomba kusomea udaktari. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kupokea maombi.

Maombi nilimjazia mimi, kwa simu yangu na namba yangu. Wiki tatu kimya! Aliyepiga ni tapeli tu, ati nimtumie tena picha ya cheti cha Adela. Nikamwambia, "Kalime, baba! Huku hatutapeliwi." Akarudia kupiga. Nikamtukana, nikahifadhi namba yake ili nisimpokee tena.

Ofisini sikumpa mzee wa mapokezi hata shikamoo. Nilidai karatasi, nikaandika malalamiko rasmi nikiwa nimesimama: "Chuo hiki kinadharau watoto wa wakulima. Hakuna hata mtu mmoja aliyetupigia." Nikasaini hadi karatasi ikatoboka.

Mzee akasoma yote, akagonga mhuri wa kupokelewa. "Namba yako, mama?"

Nikaitaja kwa sauti, foleni nzima isikie. Akapiga. Simu yangu ikaita mkononi mwa Adela, naye akasoma jina kwenye kioo: "Tapeli Sugu."

"Kumbe ni wewe," mzee akasema. "Kulima nimeshalima, mama. Sasa naomba cheti chenyewe. Ulitutumia kadi ya kliniki ya mtoto."

Adela akakitoa kwenye mkoba haraka. Mimi nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."