Kabla Hujaandika Kwamba Wamegawanyika

Siku ninayoikumbuka sana, mwanangu, ilikuwa Jumatano ya mvua huku Sigowet, miaka ya tisini ikiwa bado michanga. Mimi nilikuwa kijana, nimesoma mpaka darasa la saba, na kwa hiyo elimu kidogo wakanifanya karani wa kundi letu la kuchuna majani chai.

Kundi lilikuwa la watu kumi na wawili. Kila Jumatano tulichuna shamba la mtu mmoja kwa zamu, kisha tunabeba vikapu pamoja hadi kituo kungoja lori la kiwanda. Wanane tulikuwa Wakipsigis. Wanne walikuwa Wajaluo, watu wa kiwanda cha chai, na kati yao Ochieng na mama yake, aliyekodi kashamba kando yetu. Ochieng alikuwa rafiki yangu. Alichuna upesi, akinipita ananiambia, "Karani, unachuna ama unayasalimia majani?"

Siku hiyo wale wanne hawakuja. Sehemu zingine tulikuwa tunasikia watu wanafukuzana kwa ukabila, na kila mtu alikuwa na hofu yake. Hakuna aliyeniambia wako wapi, na kusema haki, mimi pia sikuuliza. Nikafungua daftari nikaandika: "Leo kundi limegawanyika." Nilipenda hilo neno. Nililiona la mtu msomi. Wanasema ulimi hauna mfupa, lakini hata kalamu haina breki.

Jumatano iliyofuata walirudi wote. Kama kawaida, nikasoma ya wiki iliyopita mbele ya watu. Nikafika kwa neno hilo.

"Limegawanyika na nani?" mama Ochieng akauliza. "Tulikuwa matanga ya shemeji yangu. Ama mlitaka tubaki tuwachunie, maiti ijizike?"

Wachache walicheka. Ochieng hakucheka. Jamaa mmoja wa upande wetu akasema, "Lakini kama karani ameandika, kuna kitu ameona." Mimi sikuwa nimeona kitu, mwanangu. Lakini nilifunga daftari nikachukua kikapu bila kusema hivyo. Jioni tukingoja lori, wale wanne walisimama peke yao mlangoni mwa kituo. Sijui kama ningeliona hilo kabla ya kuandika lile neno.

Gogo Rebeka, yaani nyanya kwa lugha yetu, mzee kuliko sisi sote, alinivuta kando. "Wewe mtoto, kukosa kuja ni kukosa kuja," akasema. "Kugawanyika ni wakati mtu anaweza kuja na hataki. Uliona la kwanza, ukaandika la pili. Enda kwao leo ukawaambie ulikosea."

Nilimwambia nitaenda Jumapili tukitoka kanisani. Nilikuwa na aibu, na nilitafuta maneno mazuri. Jumamosi lori la kukodi lilikuja, mama Ochieng akapakia vitanda na kuku, wakateremka kwenda kwao ziwani. Jumapili nilifika nikakuta mlango una kufuli.

Sisemi niliwafukuza. Mambo ya wakati huo yalikuwa makubwa kuliko daftari langu, na pengine wangeenda tu. Wapo wa kwetu waliolia, na wapo waliofurahi. Nawaacha na Mungu. Lakini Ochieng alienda akiamini kwamba mimi, rafiki yake, ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema tumegawanyika. Maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka leo nikishuka soko la Sondu, mpakani mwetu na wao, huwa naangalia wanaume wa rika langu, hasa wenye mabega mapana kama yake. Mara moja nilimfuata mmoja mpaka kwa wauza samaki. Aligeuka, hakuwa yeye. Nikanunua samaki ambao sikuwahitaji.

Basi nisikize, mwanangu. Neno "wamegawanyika" usiliseme kwa sababu umeona viti vitupu. Kwanza uliza nani hayuko, halafu uende kwake kwa miguu yako umuulize kwa nini. Pengine amefiwa. Pengine anaogopa, na anangoja mtu mmoja tu abishe hodi. Na kama umeshalisema na umekosea, usitafute maneno mazuri. Enda na mabaya uliyonayo, lakini enda siku hiyo hiyo.

Mungu akupe majirani watakaokuulizia ukikosekana. Akupe kinywa kinachongoja na miguu isiyongoja. Na yule uliyemkosea, umkute bado yuko nyumbani.