Saa ya Kampala Katika Mashine ya Beni

Iko siku moja ya wakati wa vita ambayo bado inanirudia, mwanangu, hata sasa nimezeeka.

Nilikuwa nimetoka kusoma kompyuta Kampala, kichwa juu kabisa. Pale Beni tulikuwa na bureau ya phonie, redio ambayo familia zilizotenganishwa na vita zilikuja kusemezana. Mkubwa wetu, Papa Paluku, alikuwa na ordinateur moja, kompyuta inayotumia mfumo wa Linux. Saa ya Beni aliiweka mahali pamoja, katika mipangilio ya mashine nzima, ili kila programu iisome pale. Mimi nikaandika programu ya kuchapa karatasi za rendez-vous, za kumwonyesha kila mtu saa ya kuja kusemezana. Ole wangu, sikuifundisha kuuliza mashine. Niliifungia ndani saa ya Kampala niliyoizoea, inayotangulia yetu kwa saa moja. Kuuliza si ujinga, mais kijana mwenye diploma amuulize nani?

Mama Kavira wa mtaa wa Mulekera alikuwa anangoja sauti ya Muhindo, mtoto wake aliyekimbilia Bunia. Rendez-vous ilikuwa saa tatu asubuhi. Karatasi yangu ikamwandikia saa nne. Akafika dakika kumi kabla ya saa hiyo, amevaa kitenge cha kanisani.

"Muhindo aliita, akaita," Papa Paluku akamwambia. "Amekwisha kutoka, Mama."

Mama akatazama karatasi. "Mais baliniandikia saa ine."

Papa Paluku akafungua programu yangu, akasoma, akanigeukia. "Niliweka saa mahali pamoja, ya bote. Weye ulikuya na yako mu mufuko. Nani alikutuma?"

Nililia mbele yao. Kurekebisha kulichukua dakika chache tu: nilifuta saa yangu, programu ikasoma ya mashine. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Juma lile lile mapigano yakaingia kule Bunia. Tuliita kila asubuhi, hapana jibu. Mama Kavira hakunitukana. Alikuja, akakaa kwenye banc, benchi letu la mbao, akaniuliza, "Leo je, mwana wangu?" Miezi mingi aliniuliza hivyo. Afadhali angenipiga.

Donc, mwanangu, unapoandika programu, usijifanye mwenye nyumba. Mwenye mashine amekwisha kupanga saa yake na lugha yake. Soma alichopanga, ukifuate. Ukiona amekosea, mwambie, usimpite kwa siri.

Mungu akulinde, na asiwepo mama atakayekosa sauti ya mtoto wake kwa sababu yako.